Maneno Yaliyobaki Bila Mashine: Kompyuta za Mwanzo, Rilei na Lugha ya Kariakoo

Jina la Kariakoo limeishi muda mrefu kuliko kitu kilicholizaa. Majeshi ya Uingereza yalipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, yalikuja na wapagazi Waafrika waliokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki na kuwekwa katika kikosi kilichojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa magharibi ya mji wa zamani, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Kambi ilivunjwa. Ndimi za Waswahili zikalichukua jina la kikosi, zikalipa irabu zake na kuliachia mtaa. Leo mtu aendaye kununua kanga au simu katika mtaa huo huwataja wapagazi hao kila aliposemapo anakokwenda, wala hajui kama amewataja.

Hata jengo la soko lenyewe, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kujengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 kwa paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua, liliteketea kwa sehemu kubwa katika moto wa Julai 2021. Moto haukuligusa jina.

Wanaisimu wamezoea kuyachukua maneno ya aina hii kuwa ushahidi wa historia, na ni ushahidi kweli. Una kasoro moja, hata hivyo. Neno hutunza sauti ya kitu. Halitunzi namna kitu hicho kilivyofanya kazi, wala nani alikitumikia, wala kilimgharimu nini. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba historia ya kompyuta katika jiji la Dar es Salaam inafuata njia ileile ya Carrier Corps. Maneno yapo, tena mengi, ilhali mashine zilizoyaleta zinatoweka mojamoja. Na kazi ya kuzihifadhi mashine kuukuu, ambayo kwa kawaida huachiwa wahandisi na wapenzi wa vitu vya kale, inawahusu watu wa lugha pia.

Rilei

Kitu cha kuanzia nacho kinapatikana Kariakoo na Gerezani kwa bei ndogo. Katika maduka ya spea za magari, mteja aombaye rilei ya honi au ya taa hupewa kijisanduku kinachoenea kiganjani, chenye miguu minne au mitano ya madini. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kipande cha chuma. Umeme kidogo ukipita katika waya huo, chuma hugeuka sumaku, huvuta kibao chepesi, na kibao hicho hukutanisha ncha mbili zinazopitisha umeme mwingi zaidi. Umeme wa kwanza ukikatwa, springi hukirudisha kibao mahali pake. Kwa njia hiyo kitufe kidogo kwenye usukani huamuru honi inayohitaji nguvu ambayo kitufe chenyewe kisingeistahimili. Rilei, kwa maneno mengine, ni mtumwa anayepokea amri ndogo na kuitekeleza kwa nguvu kubwa.

Kifaa hiki kilibuniwa katika karne ya 19 kwa ajili ya telegrafu, ili ishara iliyofifia njiani ipokelewe na kutumwa upya ikiwa na nguvu. Baadaye kilienea katika vituo vya simu vya kujiendesha kote duniani. Kilichochelewa kutambuliwa ni kwamba kinaweza kufikiri, kwa maana finyu ya neno hilo. Rilei mbili zikipangwa kwa kufuatana, umeme hupita endapo zote mbili zimefungwa; zikipangwa sambamba, hupita endapo mojawapo imefungwa. Mwanafunzi wa sarufi atatambua mara moja kwamba hapo pana viunganishi viwili, "na" na "au", vilivyotengenezwa kwa chuma. Claude Shannon, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, alilieleza jambo hili kihisabati katika tasnifu yake ya mwaka 1937. Mwaka huohuo George Stibitz, mtafiti wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, aliunganisha rilei chache kwenye meza ya jikoni kwake, pamoja na balbu na vipande vya bati, akapata kifaa cha kujumlisha tarakimu mbili. Kifaa hicho kiliitwa Model K, na herufi hiyo ilisimamia jiko.

Kutoka jikoni jambo lilikwenda mbali kwa haraka. Mashine kubwa ya Stibitz, yenye rilei zaidi ya 400, ilikamilika mwaka 1939, na mwezi Septemba 1940 watu waliokuwa New Hampshire waliipelekea hesabu kwa waya wa telegrafu wakati yenyewe iko New York, ikawajibu. Inafaa kukumbukwa, walau kwa ajili ya kulinganisha miaka, kwamba 1939 ndio mwaka zilipotolewa kamusi za Kiswahili Sanifu zilizosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki na kuhusishwa na jina la Frederick Johnson. Mjini Berlin, Konrad Zuse aliionyesha mashine yake, Z3, mwezi Mei 1941. Ilikuwa na rilei zaidi ya 2,000, ikifuata maagizo yaliyotobolewa kwenye ukanda wa filamu, na kuzidisha namba mbili kuliichukua kama sekunde tatu. Wengi huihesabu kuwa kompyuta ya kwanza duniani iliyoweza kupangiwa kazi. Mabomu yaliiharibu mwaka 1943.

Mashine hizo zilikuwa na sauti. Chumba chenye rilei elfu mbili zinazofunguka na kufungika hakikaliki kimya, na mafundi wake waliweza kujua kwa sikio kwamba hesabu imekwama. Zilikuwa na maradhi yake pia. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, nondo alikutwa amebanwa ndani ya rilei ya mashine iitwayo Mark II, akabandikwa kwenye daftari la kazi ambalo limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kuwa ndicho asili ya mazoea ya Waingereza na Wamarekani kuita kosa la kompyuta "mdudu". Sivyo, wahandisi walilitumia neno hilo tangu karne ya 19, na walioandika daftarini walikuwa wanafanya mzaha juu ya neno walilokwisha kulijua. Kiswahili hakikumchukua mdudu huyo. Kilichukua kirusi, yaani ugonjwa, na katika vibanda vya Kariakoo karibu kila hitilafu isiyoeleweka hutupiwa kirusi.

Hazina, 1965 na 1974

Njia iliyotoka kwenye rilei hadi Dar es Salaam ilipitia Uingereza. Kampuni ya British Tabulating Machine, iliyokuwa Letchworth, ilitengeneza mashine za kuchambua kadi zilizotobolewa matundu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndiyo iliyounda zile mashine za umeme zilizosaidia kuvumbua maandishi ya siri ya jeshi la Ujerumani huko Bletchley. Mwaka 1959 iliungana na mshindani wake, Powers-Samas, ikazaliwa kampuni ya ICT. Ni ICT iliyoiuzia serikali ya Tanzania kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, iliyofungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Kwa hakika mashine hiyo haikubuniwa na ICT. Ilikuwa RCA 301 ya Kimarekani, ambayo ICT iliichukua na kuiuza kwa jina lake yenyewe. Mtindo wa kubadilisha kibandiko, ambao wengine hudhani ulianzia Kariakoo, una wazee wake. Haikukokotoa kwa rilei bali kwa transista. Hata hivyo ilitoka katika nyumba iliyojengwa juu ya kadi na rilei, na kadi ndizo zilizoilisha. Kumbukumbu yake ilikuwa ya pete ndogo za sumaku zilizotungwa kwenye nyaya, kama mtu atungavyo ushanga, na kutegemea ukubwa ulionunuliwa iliweza kubeba herufi kati ya 10,000 na 40,000. Mhadhara wenye urefu wa huu usingeenea katika ile iliyokuwa ndogo kabisa.

Miaka hiyo ilikuwa ya mwanzo kwa mengi. Chuo Kikuu kilikuwa kimeanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, yaani mlangoni mwa Kariakoo, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka huohuo wa 1964 kazi ya iliyokuwa Kamati ya Lugha iliingizwa Chuo Kikuu, ikawa ndiyo asili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Basi katika muda usiozidi miaka miwili jiji moja lilipata chombo cha kuhesabu fedha za taifa na chombo cha kuhesabu maneno yake. Vyote viwili viliishi kwa kadi. Kadi za mtunga kamusi ziliandikwa kwa wino, neno moja na mfano wake; za Hazina zilitobolewa matundu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzikutanisha.

Hazina ilipoendelea na mashine kubwa zaidi za ICT na mrithi wake ICL, matatizo yakazidi. Kazi ya kuingiza hesabu za serikali katika kompyuta ilikwama, wataalamu waliozielewa mashine walikuwa wageni, na vipuri vililipiwa kwa fedha za kigeni ambazo baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 zilikuwa adimu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Katika miaka ya 1980 masharti yalilegezwa hatua kwa hatua. Televisheni ilichelewa zaidi: Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

Amri hiyo imehukumiwa mara nyingi, na hukumu ni nyepesi kwa mtu anayeitazama akiwa na simu mfukoni. Mwaka 1974 kompyuta ilikuwa chombo cha thamani kubwa kilichohitaji chumba chenye kiyoyozi na wakalimani wa kigeni kati yake na mwenye nyumba. Serikali iliyokwisha kuona hesabu zake zikivurugika ilikuwa na haki ya kusita. Lawama inayostahili ni nyingine: marufuku iliondoa mashine bila kuacha simulizi yake. Makarani waliotoboa kadi, waliopakia tepu, waliokaa usiku kusubiri orodha za mishahara zichapwe, walikuwa watumishi wa kawaida waliostaafu kama watumishi wengine. Wakiondoka bila kuhojiwa, nusu ya historia ya kompyuta ya kwanza ya nchi hii inaondoka nao.

Maneno ya kamati na maneno ya mtaa

Athari ya 1974 katika lugha haijatazamwa inavyostahili. Miaka ya marufuku ndiyo miaka Kiswahili kilipopanuliwa kwa bidii kuliko wakati wowote uliotangulia. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilikuwa likitoa vijitabu vya istilahi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ilitoka mwaka 1981. Istilahi za teknolojia zilitafutwa, basi, katika jamii ambayo watu wachache sana walikuwa wamewahi kuigusa kompyuta. Mbuni istilahi alifanya kazi na fasili, hakufanya kazi na kitu.

Matokeo yake yanaonekana katika ushindani wa majina ya mashine yenyewe. Tarakilishi, linalofafanuliwa kwa kawaida kuwa ni muungano wa tarakimu na akili, lilipata nguvu zaidi Kenya. Ngamizi lilipendekezwa na kutumiwa na wachache. Kompyuta lilishinda Tanzania, nalo ni neno lenye historia ya ajabu kidogo, kwa kuwa katika Kiingereza hadi katikati ya karne ya 20 lilikuwa na maana ya mtu: mfanyakazi aliyeajiriwa kukokotoa. Kiswahili kilimpokea baada ya mtu huyo kufa na mashine kurithi cheo chake. Mtu huyo kwa Kiswahili alikuwepo, akiitwa karani, na hakuna mashine iliyorithi jina hilo.

Yasidhaniwe kwamba maneno ya wataalamu yote ni makavu. Kuchakata taarifa ni istilahi iliyokaa vizuri mno, kwa sababu kitenzi hicho kilikwisha kutumika kwa mkonge: jani zima linaingia katika mashine, linapondwa, zinatoka nyuzi. Kupakua kulikuwa na maskani mbili, bandarini na jikoni, kabla ya kuchukuliwa kwa mafaili, na mzungumzaji haoni kwamba limevutwa. Kipakatalishi kinabeba picha ya mtoto aliyepakatwa. Kwa upande mwingine, kipanya, jina lililopendekezwa kwa kile kifaa cha mkononi kinachoongoza mshale, kilifika Dar es Salaam wakati jina lake limekwisha kutwaliwa na mabasi madogo ya abiria, na watu wakaendelea kusema mausi. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden, uliotoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa miongoni mwa juhudi za kwanza kubwa za kuyaweka maneno ya namna hii mbele ya macho ya mtumiaji, kwenye kioo chenyewe badala ya kurasa za kamusi.

Hata hivyo, kufikia mwaka 2004 mtaa ulikuwa umekwisha kujisemea. Mashine zilianza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1990, nyingi zikiwa zimetumika Ulaya, Asia au Marekani, na Kariakoo iliziita kwa jina lililokuwa tayari: mitumba. Neno hilo lenyewe linarudisha fikra kwa wapagazi, kwani mtumba ulikuwa robota, mzigo uliofungwa kwa ajili ya kubebwa kichwani au begani. Lilihamia kwenye nguo zilizovaliwa, kisha kwenye kila kitu kilichopata mwenyewe wa pili.

Msamiati wa mafundi una kanuni zake, na mtafiti anayeuita uharibifu wa lugha anajinyima data nzuri. Kuweka mfumo wa Windows katika kompyuta ni kupiga windo. Kamusi inasema kusakinisha, kutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutulia mahali, nalo ni neno zuri. Lakini fundi amefuata njia ya zamani zaidi ya Kiswahili, ile iliyozaa kupiga pasi, kupiga picha, kupiga simu na kupiga chapa, ambamo piga pamoja na jina la kifaa hutosha kutaja kazi yake yote. Kunakili kwenye diski ni kuchoma, na kweli miale ndiyo inayochoma. Mashine iliyokwama imeganda au imestaki. Iliyoungua imepiga shoti. Kasha lote la chuma huitwa sipiyu, ingawa kitu chenye haki ya jina hilo ni kipande kimoja kidogo ndani yake. Hapo zima limeitwa kwa jina la sehemu, kosa ambalo watu wa nchi nyingine pia hulifanya. Kompyuta yenyewe, mdomoni mwa wengi wao, bado ni mashine tu.

Msamiati huo unabadilika upesi kuliko uwezo wa kuurekodi. Diski tepetevu ni istilahi iliyobuniwa kwa uangalifu, ikaingia katika orodha, na sasa inataja kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajakiona. Atasoma fasili yake kwa namna ileile babu zake walivyosoma fasili ya kompyuta mwaka 1981: neno mbele, kitu hakipo. Tepetevu, kwa mfano, atalielewaje? Diski za inchi tatu na nusu zilizoenea mwishoni zilikuwa na ganda gumu. Ulegevu ulikuwa wa utando uliofichwa ndani, na wa zile diski za awali zilizopinda mkononi. Bila kuishika diski yenyewe, mtu ataona istilahi ni ya kipuuzi, naye atakuwa ameionea.

Kuhifadhi

Katika nchi nyingine mashine za rilei zimefufuliwa. Z3 iliyoungua Berlin ilijengwa upya na kampuni ya Zuse katika miaka ya 1960, na nakala hiyo iko katika Deutsches Museum mjini Munich pamoja na Z4, ambayo ni mashine halisi iliyonusurika. Kampuni ya Fujitsu nchini Japani inayo FACOM 128B, mashine ya rilei ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ambayo bado inawashwa, na kazi ya kuitunza imefanywa kuwa jambo la kurithishana kati ya mafundi wazee na vijana. Huko Bletchley, kompyuta iliyoundwa Harwell mwaka 1951, yenye rilei 480 na uzito wa tani mbili na nusu, ilirudishwa katika hali ya kufanya kazi mwaka 2012 baada ya kulala bohari kwa miaka.

Wanaohusika na kazi hizo hupambana na mambo ambayo fundi wa Kariakoo anayajua. Ncha za rilei hushika kutu na uchafu, umeme ukashindwa kupita. Dawa yake ni kuzisafisha moja baada ya nyingine. Katika kompyuta za mezani za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, adui ni betri ndogo iliyochomelewa kwenye bodi kwa ajili ya kutunza saa: ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba. Hapa pwani huongezeka hewa ya chumvi na unyevu, na diski huota ukungu. Watu wenye ujuzi wa kuchomelea njia ya shaba iliyolika, bila kuwa na mchoro wa mtengenezaji, wamejaa kati ya Mtaa wa Aggrey na Msimbazi. Kinachokosekana si mikono. Ila fundi hulipwa kwa mashine inayorudi kazini, na mashine ambayo haina kazi thamani yake ni ya shaba na plastiki yake.

Yupo atakayesema kwamba taifa lina mahitaji yaliyo mazito zaidi kuliko kuweka kompyuta mbovu ghalani. Neno hilo ni la haki, na lingetosha endapo kilichomo ndani ya mashine hizo kingekuwa chuma peke yake. Kati ya 1988 na 1992, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Chuo Kikuu cha Helsinki vilifanya kazi ya pamoja ya kukusanya Kiswahili cha kusemwa katika maeneo ya lahaja za pwani, kazi iliyoongozwa kwa upande wa Helsinki na Arvi Hurskainen. Hurskainen huyohuyo alikuwa akiunda programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, iliyoelezwa katika makala yake ya mwaka 1992. Matini za mradi ule zimeishi kwa sababu kulikuwa na taasisi iliyozihamisha kutoka chombo kimoja hadi kingine kila chombo kilipozeeka. Zimekuwa msingi wa utafiti mwingi wa sarufi na leksikografia tangu wakati huo.

Kazi zisizokuwa na mlezi wa namna hiyo ni nyingi kuliko zilizo naye. Miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990 ndiyo miaka ambayo wanafunzi, waandishi wa riwaya, wakusanyaji wa methali na ofisi za serikali waliacha taipureta na kuanza kuandika kwa WordStar na WordPerfect. Tasnifu iliyochapwa na kujalidiwa ipo maktabani. Rasimu zake, mahojiano yaliyonukuliwa kwa ukamilifu, orodha za maneno ya lahaja ambazo hazikuenea katika viambatisho, zilibaki kwenye diski. Diski ya aina ya mwisho ilibeba megabaiti 1.44, na maandishi matupu yaliyoenea humo ni mengi: kitabu kizima cha kurasa mia kadhaa. Utando wake wa sumaku hufifia kadiri miaka inavyopita, nazo diski za zamani zaidi zina umri unaozidi miaka thelathini.

Kuzisoma hakuhitaji makumbusho yenye vioo na taa. Kunahitaji kompyuta mbili au tatu za wakati ule zinazowaka, viendeshi vya diski vya ukubwa wote miwili, nakala za programu zilizoandika mafaili hayo, na fundi mmoja anayelipwa. Kunahitaji pia mtu wa lugha akae kando ya fundi huyo na daftari, aandike anavyokiita kila kipande akishikacho, na amuulize jina amelipata wapi. Makarani wa Hazina walio hai wanaweza kuhojiwa kwa utaratibu huohuo uliotumika kukusanya lahaja: tepu, mwongozo wa maswali, na subira. Swali la kwanza lingekuwa jepesi. Mwaka 1965, siku mashine ilipofungwa, wao kwa wao waliiitaje?

Viendeshi vya diski tepetevu huonekana bado mara mojamoja katika marundo ya vyuma chakavu vya jiji, vikiwa vimechanganywa na rilei za magari na mota za feni. Huuzwa kwa kilo.